Ile ya Barabara ya Nane

Nilikwenda Tanga kufufua chumba cha baridi
cha tajiri mmoja wa pweza.
Siku tatu, kichwa ndani ya kompresa,
na ya tatu, jioni, mikono ingali na grisi,
kijana wa Barabara ya Nane akanikung'utia
kutoka kopo la bati lenye umbo la karoti
kitu kilichotoka shingo upande, kikifuka baridi.
"Kulfi," akasema. Shilingi elfu moja.

Maziwa yaliyochemshwa mpaka yakachoka,
yakawa na rangi ya barua ya zamani.
Iliki. Na zafarani kidogo sana,
kama mtu aliyepita chumbani akaacha harufu ya nguo zake.
Haikuyeyuka kwa pupa kama koni. Ilinisubiri.
Muonja asali, husema, haonji mara moja.
Mimi nilionja mara moja.
Basi liliondoka saa kumi na mbili alfajiri.

Sasa niko Mwanza, na kazi yangu
ni kufungua majokofu ya watu.
Hakuna, hata padri, anayezijua siri za mji huu kama mimi:
Kirumba, vichwa vya sangara vimekodoa macho;
Mabatini, barafu za ukwaju zimefungwa fundo kama vitovu;
Isamilo, kwa mstaafu wa benki, soksi moja na hati ya kiwanja;
Nyegezi, insulini ya mtoto kando ya nyanya mbili.
Nainama, nanusa kama gesi inavuja,
nanusa na iliki.
Milembe, mke wangu, anawaambia majirani
nimeoa mke wa pili, wa bati, anakaa Tanga.

Nimeuliza. Hotelini Kapripointi walinipa
bonge la pinki ndani ya bilauri, na mwavuli wa karatasi.
Mwavuli! Na jua lilikwisha kuzama.
Muuza lambalamba wa Mlango Mmoja alinisikiliza kwa heshima
kisha akauliza hiyo kulfi ni dawa ya nini.

Nikajaribu mwenyewe. Lita tatu za maziwa ya Magu,
mwiko, makaa, saa mbili na nusu,
Milembe akikohoa makusudi mlangoni.
Nikayamimina kwenye vikombe vilivyobaki ubatizoni,
nikayalaza kwenye friza letu, ubavuni mwa sato.
Usiku umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.
Asubuhi, maziwa yenye mawazo ya samaki.
Lushinge, mwanangu, alimaliza vikombe viwili.
"Baba," akasema, "supu yako tamu."

Wiki iliyopita, Makoroboi, ghorofa ya pili,
kwa Shirinbai, anayeniita mwanangu ingawa sote tuna mvi.
Friza la kifuniko, limekufa tangu afe mumewe.
Nikalifungua. Kutu, bizari iliyomwagika,
na chini kabisa, kumi na sita, yamelaliana,
makopo ya bati yenye umbo la karoti.
Nikanyamaza, kama mtu aliyekutana na jamaa yake
kwenye foleni ya hospitali.
Nikabadilisha themostati, nikajaza gesi, bei sikutaja.
"Unayajua hayo?" akauliza.
Nikasema nimeyaona Tanga.
"Watu wa Tanga," akasema, "wanatia unga wa mahindi."

Jumamosi akanipigia. Nilipanda ngazi mbili mbili.
Hakuna zafarani. Karanga za Shinyanga, zimetwangwa nusunusu,
iliki ya mkono usiopima,
na chini ya yote, moshi: sufuria lilishika ungo wa chini
akasahau, au hakusahau.
Dirishani korongo alisimama juu ya bati la jirani
kama karani anayedai kiinua mgongo.
Siyo ile.
Nilitaka kumwambia, mdomo ulikuwa na kazi.
Siyo ile hata kidogo.
Naye, bila kuuliza, alikwisha kugeuza kopo la pili
juu ya sahani. Likagoma.
Akalipiga kofi mgongoni, kama mtoto aliyepaliwa,
likatoka.